Mayai Yaliyokaa Juu ya Mstari

Kazi ya Samahani ilikuwa kuhesabu mayai ya minyoo kwenye mavi ya mbuzi. Usicheke. Kwao walishacheka mpaka wakachoka. Mdogo wake, msusi mwenye ulimi mkali kuliko ncha ya chanuo lake, alimtambulisha kwa wateja kama "Daktari wa Mavi", na mama yao kila alipomkemea alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja ili kicheko kisimponyoke.

Jina la Samahani lenyewe lilitoka kwa mama. Tangu utotoni hilo ndilo neno lililomtoka kuliko mengine yote. Akigonga kiti, samahani. Akikanyagwa mguu, samahani, yeye aliyekanyagwa! Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, ana shahada mbili na anaitafuta ya tatu, lakini asubuhi bado alibisha hodi kwenye mlango wa maabara ambao ufunguo wake alikuwa ameushika mkononi.

Alikuwa na siri. Aliamini kwamba aliingia pale kwa makosa. Siku zile barua za kukubaliwa zilipotumwa, karani fulani alichanganya majina, na sasa mahali fulani kuna mtu mwenye akili kweli kweli ambaye bado anaisubiri barua yake. Kwa miaka miwili alikuwa akingoja mlango ufunguliwe na mtu aseme, "Aa, kumbe ni wewe? Tulikuwa tunamtaka mwingine."

Na huyo mwingine, kama ungemuuliza Samahani, alishafika zamani. Alikaa meza ya pili, karibu na dirisha, kwenye kiti kisicholia kikizungushwa. Maabara nzima ilimwita Wembe.

Wembe alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu. Alipojiunga pale alichelewa wiki mbili nzima na hakuna aliyemsema, kwa sababu alikuwa amekwenda kupokea tuzo. Hebu fikiria: wengine huchelewa kwa sababu ya foleni, yeye kachelewa kwa sababu ya tuzo! Akiongea hakusema "nadhani". Akiulizwa swali mkutanoni hakutazama dari. Daftari lake lilikuwa safi kama la mtu anayeandikiwa na malaika. Na koti lake jeupe, jamani, halikuwahi kupata doa hata moja, ilhali wote wawili walikoroga mavi yaleyale kwenye vikombe vilevile. Tuzo Samahani angeweza kuisamehe. Koti hakuweza.

Ubaya zaidi, Wembe hakuwa na maringo. Laiti angeringa! Mtu mwenye maringo unamchukia kwa raha zako. Huyu kila asubuhi alisema, "Umeamkaje, dada?" na kumsogezea chupa ya chai. Samahani alijibu "salama" huku kijicho kikimtafuna moyoni kama panya anavyotafuna sabuni, polepole na bila kushiba.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyuma ya jengo kulikuwa na mbuzi thelathini katika mazizi mawili. Wa zizi la kwanza walipewa unga wa majani machungu uliochanganywa na pumba; wa zizi la pili walipewa pumba tupu. Samahani alitaka kujua kama unga ule unapunguza minyoo. Sasa, mnyoo yuko ndani ya tumbo, humwoni, lakini mayai yake hutoka na kinyesi. Kwa hiyo unachukua kinyesi kidogo, unakiponda kwenye maji yenye chumvi nyingi, unakichuja kwa chujio la chai (ndiyo, lilelile la dukani), halafu matone machache unayaingiza kwenye kioo chembamba chenye uwazi ndani. Na hapo ndipo penye maajabu. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo uchafu unazama na mayai yanaelea. Yanapanda moja moja mpaka yanagusa paa la kioo na kutulia hapo, kama maputo kwenye dari ya ukumbi. Kwenye paa hilo pamechorwa mistari inayogawa vichochoro sita. Unaweka kioo chini ya hadubini, unapita kichochoro baada ya kichochoro, na kila ukiona yai unabonyeza kihesabio kwa kidole gumba. Tik.

Mayai hayangoji. Baada ya muda si mrefu chumvi huanza kuganda na kioo kinaharibika. Unakiosha, na ulichokiona hakitaonekana tena na mtu yeyote. Kinabaki kwenye daftari tu.

Ndiyo maana kulikuwa na sheria. Kila kioo kilihesabiwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na daftari lake, na hakuna kuambiana. Samahani na Wembe walipeana zamu: nihesabie vyangu, nikuhesabie vyako. Waliandika kwa penseli, maana maji ya chumvi yakimwagika wino hukimbia ukurasa mzima. Na ukikosea hufuti. Unakata kwa mstari mmoja na kuandika pembeni. Profesa aliyeongoza maabara, mama mfupi aliyevaa miwani machoni na kupandisha nyingine kichwani, alilisema hilo siku ya kwanza kabisa: "Kifutio kibaki shule ya msingi. Humu ndani sikitaki."

Siku hiyohiyo alifundisha jambo jingine. Yai likikaa juu ya mstari wenyewe, ni la kichochoro gani?

"Chukulia vyumba vya kupanga," Profesa alisema. "Mtu amesimama mlangoni, kati ya chumba changu na chako. Mimi nikimhesabu na wewe ukimhesabu, tumemzalisha pacha." Wote wakacheka. "Kwa hiyo: aliye kwenye mstari wa kushoto au wa juu, hesabu. Wa kulia au wa chini, muache."

Samahani aliliandika hilo na kulipigia mstari mara mbili. Kiti cha pembeni yake, kile cha dirishani, siku hiyo kilikuwa kitupu. Alikiwekea mkoba wake.

Tatizo lilianzia masikioni. Samahani akimaliza kioo alikisogeza upande wa Wembe, na Wembe alipoanza, tik, tik, tik, hakuweza kuyazuia masikio yake. Yeye amepata thelathini na tisa. Kule dirishani inafika thelathini na tisa na haisimami. Arobaini. Arobaini na moja. Kila tik ya ziada ilimchoma kama sindano. Arobaini na sita ndipo kimya.

"Tayari, dada," Wembe anasema kwa upole.

Mayai saba! Nimeyapita mayai saba hivihivi kama kipofu, Samahani alijiambia. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Haikutokea hata siku moja Wembe apate pungufu.

Mtu mwingine angegeuza kiti na kuuliza, "Mwenzangu, mbona tunapishana?" Lakini kwa Samahani kuuliza kulikuwa sawa na kupanda juu ya meza na kutangaza: jamani, mliyekuwa mnamtafuta ni mimi, karani alikosea. Kwa hiyo alikaza macho. Alikodoa mpaka machozi yakamtoka. Aliongeza mwanga, akapunguza mwanga, akabadilisha miwani. Bado alipata thelathini na kitu, na jirani arobaini na kitu.

Wiki ya tatu, saa ya chakula cha mchana, wote wakiwa wametoka, alisimama mbele ya droo ya Wembe. Nataka kuona tu, alijiambia. Akaivuta. Daftari lilikuwa limelala peke yake, limenyooka, bila hata vumbi la penseli. Namba zilishuka kwenye mstari kama askari wa gwaride, hakuna hata moja iliyokatwa. Samahani alizitazama kwa muda. Roho ilimuuma kwa namna ambayo hata hakuijua jina. Haikuwa namba peke yake. Alitamani kuwa mtu ambaye mkono wake haukati.

Penseli yake ilikuwa na kifutio kidogo kichwani, cha rangi ya fizi. Akaanzia wiki ya kwanza. Thelathini na tisa akaifuta, akaandika arobaini na sita. Nyingine akaiongeza moja, nyingine akaipunguza moja, zisifanane kabisa. Kisha akapuliza vumbi la kifutio, akarudisha daftari la mwenzake lilivyokuwa, akaenda kunawa mikono mara mbili.

Na ajabu ni hii: alijisikia nafuu. Hakujiona amedanganya. Alijiona amesahihisha, kama mwanafunzi anavyosahihisha kwa kutazama majibu nyuma ya kitabu. Kuanzia hapo kila wiki alihesabu kwa uaminifu, akaandika kwa uaminifu, na ikifika saa ya chakula alifuta kwa uaminifu uleule.

Jumamosi moja alikuwa amekaa sakafuni kwenye saluni ya mdogo wake, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya yule msusi.

"Legeza shingo. Leo umekuwa mgumu kama mlingoti."

"Wembe amethibitishwa," Samahani alisema.

"Amethibitishwa nini, kipaimara?"

"Masomo ya udaktari. Jopo la watu watano. Usipothibitishwa unarudisha ufunguo na kwenda zako. Yeye wamemhoji dakika ishirini. Ishirini! Wakatoka naye wanacheka."

"Haya, tumeanza." Mdogo wake aliwageukia wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu. "Mnamsikia dada yangu? Tangu amekaa hapa ni Wembe. Wembe kavaa nini, Wembe kanywa nini. Hivi huyo ni mfanyakazi mwenzako au ni mchumba?"

Wateja waliangua kicheko. Samahani alikitazama kidole chake cha gumba, kile cha kubonyezea.

"Huwezi kuelewa. Yule akitazama kioo anaona vyote. Mimi naona nusu nusu."

"Nani kasema yeye ndiye anayeona sawa?"

"Si ni Wembe!"

"Mimi nikitoa mistari kumi kichwani, na msusi wa pili akasema yeye angetoa kumi na miwili, sikimbilii kufumua. Kwanza nahesabu kichwa."

"Unanivuta nywele."

"Nakuvuta makusudi, Daktari wa Mavi. Umekuwa mnunaji siku hizi. Hata salamu unatoa kama unaombwa figo."

Siku ya jopo la Samahani ikakaribia. Mbuzi thelathini mara wiki sita, hesabu mia na themanini, zote kwenye daftari moja. Ijumaa angesimama mbele ya watu watano na kuzieleza. Kama wangeridhika, angebaki. Kama la, ufunguo.

Jumatatu asubuhi Profesa alimwita ofisini.

Hapa inabidi nimtaje mtu mmoja zaidi. Maabara ilikuwa na fundi, mzee aliyeosha vioo, kutengeneza taa za hadubini na kubandika watu majina; Wembe alipewa jina na yeye. Kazi yake nyingine ilikuwa kupiga picha kila kioo cha kumi kabla hakijaoshwa. Samahani alilijua hilo kama unavyojua kwamba ukutani kuna mtungi wa kuzimia moto. Unapita mbele yake kila siku na huuoni.

Juu ya meza ya Profesa kulikuwa na madaftari mawili yaliyofunguliwa, na picha kumi na nane zimepangwa kama karata.

"Samahani, Profesa."

"Hujakosea bado. Au umekosea? Kaa." Profesa aligusa picha ya kwanza. "Jana nimezihesabu hizi mwenyewe, kalamu mkononi. Hii ina mayai arobaini na moja. Wewe umeandika arobaini na nane. Mwenzako arobaini na nane. Hii ishirini na sita. Wewe thelathini, yeye thelathini na moja. Niendelee?"

Samahani alitikisa kichwa kukataa.

"Zote kumi na nane ziko juu. Nimefikiri, nimeona ni nini. Mmesahau somo la mstari, ninyi wawili. Mnahesabu kila aliyesimama mlangoni, halafu mkiingia kichochoro cha pili mnamhesabu tena. Ndiyo maana mnafanana hivi." Profesa alivua miwani. "Ni kosa la kweli. Simfukuzi mtu kwa kosa la kweli. Lakini hesabu hizi hazifai kitu. Vioo vimeoshwa, mbuzi wote wamepewa dawa wiki iliyopita, hakuna cha kurudia. Jopo lako naliahirisha. Utaanza upya mwakani, nafasi yako ikiwepo. Siahidi kitu."

Jambo la kwanza Samahani alilolisikia moyoni lilikuwa utamu. Miaka mingi baadaye bado aliona aibu akiukumbuka. Wembe alikosea! Wembe mwenye koti jeupe, Wembe wa dakika ishirini, alikuwa akizalisha mapacha kwenye vioo wiki baada ya wiki. Utamu ule ulidumu labda pumzi tatu.

Pumzi ya nne ndipo akaelewa kilichobaki. Yeye hakusahau somo la mstari. Yeye alilipigia mstari mara mbili. Macho yake yalikuwa sawa tangu siku ya kwanza, na ukweli wa mbuzi thelathini aliufuta kwa mkono wake mwenyewe, saa ya chakula, kwa kifutio cha rangi ya fizi.

Angeweza kunyamaza. Angetoka pale kama mtu aliyesahau somo, pamoja na Wembe, bega kwa bega, na mwakani huenda wangempa nafasi. Akisema, basi ni mtu aliyefungua droo ya mwenzake, akaiba, akafuta. Hakuna anayebaki na ufunguo baada ya kusema hivyo.

Ningependa kuandika kwamba uadilifu ndio uliomfungua mdomo. Haukuwa uadilifu. Ulikuwa wivu, uleule wa kila siku, ila safari hii ulikuwa umegeuka upande. Alitazama ile arobaini na sita kwenye ukurasa wake na akaona wivu kwa ajili ya thelathini na tisa. Ilikuwa yake! Aliikodolea macho mpaka machozi yakamtoka. Na sasa itatupwa jalalani kwa jina la kosa la mtu mwingine, hata mazishi isipate. Hapana. Wembe alishachukua dirisha, kiti kizuri na sifa zote. Hii hapana.

"Sikusahau," alisema.

"Nini?"

"Somo la mstari. Nilikuwa nahesabu vizuri. Namba zangu zilikuwa chini ya zake kila siku, nikajua ni mimi niliyekosea. Nikafungua droo yake. Nikafuta zangu, nikaandika zake." Aligusa ukurasa wake kwa kidole. "Zangu zipo bado. Ziko chini. Huwa nabonyeza sana penseli."

Profesa aliteremsha ile miwani ya kichwani, akaivaa badala ya ile aliyoivua, akauinamia ukurasa. Kisha akanyanyua simu. "Fundi, njoo na tochi."

Fundi alikuja. Profesa alivuta pazia, wakalilaza daftari mezani, na mzee akaiweka tochi chini kabisa, ubavuni mwa karatasi, mwanga ukapita juu ya ukurasa kama jua la asubuhi juu ya shamba lililolimwa. Na mitaro ikaonekana! Chini ya kila namba nyeusi kulikuwa na kivuli cha namba nyingine, imezama kwenye karatasi.

"Cha kumi," Profesa alisema, picha mkononi, ameigeuza wasiione.

Fundi alisogeza pua. "Nne... moja. Arobaini na moja."

Profesa aliiweka picha mezani. "Cha ishirini."

"Mbili. Halafu sita. Au tano? Ni sita hii."

"Cha thelathini."

Walikwenda hivyo mpaka cha mia na themanini. Samahani alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja dirisha. Kati ya picha kumi na nane, kumi na mbili zilikuwa sawasawa na mitaro yake. Nne zilipishana kwa yai moja. Mbili, mayai mawili.

Fundi alizima tochi. "Huyu mtoto ana macho ya kunguru," alisema, akachukua tochi yake na kutoka.

Profesa alifungua pazia taratibu. "Nimefundisha miaka ishirini na sita," alisema. "Wanaobuni namba nimewaona. Wanaoiba namba nimewaona. Anayefuta za kweli ili aweke za uongo za jirani, tena akiona anajisahihisha, wewe ni wa kwanza." Akakaa. "Ijumaa utakwenda mbele ya jopo na daftari hili kama lilivyo, na tochi. Utawaambia ulichoniambia mimi. Mimi sitakusemea hata neno moja. Sasa niitie Wembe."

Wembe aliingia na koti lake. Profesa alimwonyesha picha, akamuuliza kuhusu mstari wa kushoto na wa juu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Samahani alimwona Wembe akitazama dari.

"Mstari gani?" Wembe aliuliza.

"Hujui? Nimeufundisha siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza sikuwepo."

"Na hukuuliza?"

Wembe akasema, taratibu sana, "Nilipofika mlikuwa mmeshaniita Wembe. Ningeuliza vipi mayai yanahesabiwaje?"

Walitoka pamoja kwenye korido. Wembe aliegemea ukuta, na koti likashika chokaa mgongoni. Hakujua. Samahani aliiona ile chokaa na hakumwambia mara moja. Alijipa muda kidogo wa kuifurahia.

"Nilikuwa nakuona, dada," Wembe alisema. "Ukifika kwenye mistari unapunguza mwendo, kidole kinasita. Nilijua kuna kitu unakijua ambacho mimi sikijui. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nikawa silali. Daftari lako la masomo lilikuwa pale pale juu ya meza, limefunguliwa."

"Si ungesoma?"

"La mtu mwingine? Nilishindwa."

Samahani yeye alikuwa ameshindwa kuacha. Hata katika kuoneana wivu, mwenzake alikuwa amemzidi adabu.

"Una chokaa mgongoni," alisema, akampangusa.

Kesho yake Wembe alijipeleka mwenyewe kwa lile jopo lililomthibitisha, akawaambia sura nzima ya tasnifu yake ina mapacha na inabidi airudie. Unajua walifanya nini? Walimsifu! Mwenyekiti alisema huo ndio ujasiri wanaoutaka kwa watafiti vijana. Habari ilipomfikia Samahani alitupa kijiko kwenye sahani mbele ya mama na mdogo wake.

"Hata kukosea anajua kukosea vizuri!"

Mdogo wake alicheka mpaka akajishika mbavu. Mama alisema tu, "Kula, mwanangu. Zamu yako Ijumaa."

Ijumaa chumba kilikuwa na meza ndefu, watu watano, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Samahani aliingia bila kubisha hodi, si kwa ujasiri, bali mikono ilikuwa imejaa: daftari huku, tochi huku, picha kwapani. Aliwaeleza kila kitu tangu droo. Sauti ilipotea mara mbili njiani, akaisubiri irudi. Alipomulika ukurasa, wote watano waliinuka na kuinama kama watu wanaotazama kisima.

Mwenyekiti, bwana mmoja mwenye sauti kavu, alikaa wa kwanza. "Mtahiniwa. Kwa nini tuziamini namba ulizofuta kuliko ulizoandika?"

Neno lake la siku zote lilimjia mpaka kwenye meno. Akalizuia hapo.

"Kwa sababu zilizofutwa nilizihesabu mimi," alisema.

Walimweka saa nzima na dakika kumi. Alikuwa na saa ukutani mbele yake na alizihesabu dakika zote. Zile ishirini za Wembe zilikuwa bado zimemkaa rohoni. Hawakutoka wanacheka. Barua ya onyo iliingia kwenye faili lake, na uthibitisho ukasogezwa miezi mitatu: alete mbuzi wapya, arudie wiki sita zote, na ile mitaro iwekwe mwishoni mwa kazi yake kama ushahidi, pamoja na maelezo ya namna ilivyopatikana. Ufunguo abaki nao.

Jumatatu mbuzi wapya walikuwa wameshalala mazizini, wanatafuna bila wasiwasi. Samahani aliponda, akakoroga, akachuja, akajaza kioo cha kwanza. Alipita vichochoro sita, akisita kwenye kila mstari. Thelathini na tatu. Akakisogeza upande wa dirisha.

Tik, tik, tik. Wembe sasa alikwenda polepole, na yeye alisita kwenye mistari. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

Kimya.

Samahani alisubiri. Hakuna tik nyingine. Nimezidisha mawili, alifikiri, nimeona mayai yasiyokuwepo, sasa ndiyo kabisa, na kabla hajajua anafanya nini penseli ilikuwa imegeuka mkononi mwake, kichwa chini. Kichwa hakikuwa na kitu. Fundi alikuwa amepitia penseli zote za maabara kwa koleo na kuving'oa vifutio, kimoja kimoja. Kilibaki kibati tupu kilichobanwa.

Aliigeuza penseli upande wa ncha. Thelathini na tatu, akaandika, akaibonyeza sana kama kawaida yake.

"Dada," Wembe alinong'ona. Alikuwa amenyoosha shingo, macho yake mekundu kwa kukodoa, na kwenye mkono wa koti lake kulikuwa na doa la kijani lenye ukubwa wa sarafu. "Dada, umepata ngapi?"

Samahani alilitazama lile doa kwanza, kwa starehe, kisha akamtazama yeye.

"Sikwambii," alisema, akaliweka daftari kwenye droo, akafunga, na kuuchomoa ufunguo.